Kumpiga picha mbwa wako hadi tabia yake ionekane

Kabla ya kushika kamera au simu, muulize anayemlisha mbwa. Si lazima awe aliyemnunua. Katika nyumba nyingi za Kampala, Entebbe au Jinja hapa Uganda, anayemjua mbwa ni askari wa geti au kijana anayemsongea posho (ugali) na kuichanganya na mukene (dagaa). Maswali matatu yanatosha: akiachwa peke yake hulala wapi? Akisikia gari la mwenye nyumba hufanya nini? Kitu gani humkera? Majibu yake ndiyo orodha ya picha zako. Kama kila mchana hulala chali chini ya tangi la maji, miguu minne juu, mpige hapo hapo. Ukimketisha kwenye nyasi na kumfunga utepe shingoni utapata picha ya mbwa, lakini haitakuwa ya huyu.

Mbwa wa ulinzi wanaofungiwa bandani mchana wanahitaji subira zaidi. Akifunguliwa atakimbia ua mzima, atakojoa kila kona, na picha za wakati huo zitakuwa za mkia tu. Mwache robo saa hadi pumzi itulie. Mbwa anayehema kwa joto hutoa ulimi mrefu na mpana, na watu huona anacheka. Ulimi ukirudi ndani, ndipo uso wake halisi unapojitokeza.

Mwanga: hapa tuko kwenye ikweta, jua huchomoza na kuzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 karibu mwaka mzima, na giza halichelewi. Piga kuanzia saa 1:00 hadi saa 3:00 asubuhi, au saa 11:00 hadi saa 12:30 jioni. Saa sita jua huwa utosini. Paji la uso hung'aa na macho huzama kwenye kivuli. Ikibidi mchana, mweke barazani au chini ya mwembe, akitazama upande wenye mwanga. Angalia na ardhi pia. Udongo mwekundu wa ua hurudisha mwanga mwekundu kwenye kidevu na tumbo, na mbwa mweupe huonekana kama amepakwa rangi. Mhamishie kwenye nyasi au saruji.

Shuka chini hadi lenzi ilingane na macho yake. Ukipiga kwa kusimama, kila mbwa hugeuka kichwa kikubwa chenye miguu mifupi. Kwa simu, usimsogelee usoni kwa lenzi ya kawaida, maana pua itavimba. Rudi nyuma hatua mbili na utumie ukuzaji wa 2x. Kwa kamera, uwazi wa lenzi wa f/4 au f/5.6 unafaa. Ukifungua hadi f/1.8 kwa mbwa mwenye pua ndefu, jicho litatoka safi na pua ikapotea kwenye ukungu. Kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) iwe 1/250 ya sekunde akiwa ametulia, 1/500 akigeuza kichwa, 1/1000 au zaidi akikimbia. Fokasi iwekwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Flashi izime: macho yatang'aa kijani, naye ataanza kukuogopa.

Mbwa mweusi huwashinda wengi. Kamera huudhania weusi wake kuwa giza, hivyo huongeza mwanga, naye hutoka kijivu kama jivu la jiko. Kwenye kamera, punguza mwanga kwa stopu 0.7 hadi 1 (kitufe cha +/-); kwenye simu, gusa uso wake kisha uteremshe alama ya jua. Kwa mbwa mweupe, fanya kinyume.

Sasa masikio. Kuchakarisha kaveera (mfuko wa plastiki) mfukoni au kupiga mluzi mfupi humfanya ainamishe kichwa pembeni, ile sura ambayo kila mtu anaitaka. Lakini hufanya kazi mara tatu au nne tu, kisha anakuzoea. Kwa hiyo andaa kila kitu kwanza, sauti iwe ya mwisho, na ubonyeze mfululizo. Punje ya mukene ishikwe juu ya lenzi kwa sekunde chache, kisha apewe. Ukiishika muda mrefu utapata uso wa njaa, na huo mbwa wote wanao.

Akipiga miayo bila usingizi, akijilamba pua, akilaza masikio nyuma au akionyesha weupe wa macho, ana wasiwasi. Acha kwa dakika kumi. Usimwambie mtoto amkumbatie ili picha ipendeze. Mbwa wengi hawapendi kushikwa shingo, na jambo hilo huishia kwa meno. Mbwa asiyekujua mpige kupitia waya wa banda: mtu anayemlisha amwite kwa ndani, nawe weka lenzi kwenye tundu moja la waya ili waya usionekane, vidole vikiwa nje.

Mwisho kabisa, futa tongo machoni kwa pamba yenye maji kabla hujaanza, na ubebe kitambaa laini. Mbwa mchangamfu atalamba lenzi kabla hujafika picha ya tatu, na ute huo hufanya zote zinazofuata zionekane kama zimepigwa kwenye ukungu wa Kabale, kule milimani.