Namna ya Kupata Matibabu ya Meno Ukiwa Mjamzito

Mjamzito anayeumwa jino huambiwa mara nyingi avumilie mpaka ajifungue. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na wakati mwingine hutoka hata kwa mhudumu wa afya anayeogopa kulaumiwa endapo mimba itapata tatizo, lakini ni ushauri mbaya. Tundu dogo lililoonekana katika mwezi wa tatu laweza kufika kwenye kiini cha jino kabla ya mwezi wa saba, na usaha ukishakusanyika kwenye mzizi unaweza kuenea hadi kwenye taya na shingo, wakati uleule ambapo mama anahitaji kula na kulala vizuri. Mwaka 2013 Chuo cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake cha Marekani kilitoa msimamo kwamba uchunguzi wa kinywa, eksirei ya meno na sindano ya ganzi ya lidokeini ni salama kwa mjamzito, na kwamba kung'oa jino, kuziba tundu na kutibu mzizi vinaweza kufanywa katika kipindi chochote cha ujauzito pale vinapohitajika haraka. Kinachobaki ni kujua namna ya kuyafikia matibabu hayo, na nini cha kufanya iwapo utarudishwa nyumbani bila kutibiwa.

Kwa nini kinywa hubadilika

Homoni za estrojeni na projesteroni zinapoongezeka, mishipa midogo ya damu kwenye fizi hupanuka, na fizi huanza kuvimba kwa sababu ya utando wa bakteria ambao hapo awali hazikuusumbukia sana. Ndiyo maana mwanamke ambaye hajawahi kuona damu kwenye mswaki wake huanza kuiona yapata mwezi wa pili, na hali hiyo huweza kuzidi hadi mwezi wa nane, kisha ikapungua baada ya kujifungua. Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani vinakadiria kwamba kati ya asilimia 60 na 75 ya wajawazito hupata uvimbe huu wa fizi. Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali hapo kwa kuhofia kujiumiza zaidi, ilhali utando ulioachwa ndio unaozidisha damu. Endelea kupiga mswaki mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili kila mara, ukitumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, na upitishe uzi wa meno katikati ya meno mara moja kwa siku.

Baadhi ya wajawazito huota kinyama chekundu kati ya jino na jino, chenye kutoka damu kikiguswa kidogo tu. Kinatisha kwa macho, lakini si saratani, na mara nyingi husinyaa chenyewe baada ya kujifungua. Hata hivyo mwonyeshe daktari wa meno, kwa kuwa si vema mtu ajipe mwenyewe jibu la uvimbe wowote wa kinywani, naye atakiondoa iwapo kinakuzuia kutafuna au kinatoka damu nyingi.

Ile kauli kwamba kila mtoto humgharimu mama yake jino moja si kweli. Kalsiamu anayoihitaji mtoto hutoka kwenye chakula cha mama, na kikipungua huchukuliwa kwenye mifupa yake, si kwenye meno. Meno ya mjamzito hutoboka kwa sababu nyingine: anakula mara nyingi zaidi kwa siku, huenda akatamani vitu vitamu, anatapika, na usiku uchovu humlaza kabla hajapiga mswaki. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu mama anayeamini kwamba kupoteza jino ni sehemu ya uzazi haoni haja ya kwenda kulitibu.

Ugonjwa wa fizi uliokomaa, ule unaokula mfupa unaoshikilia jino, umehusishwa katika tafiti na kuzaa kabla ya wakati na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Haijathibitika kwamba kuutibu wakati wa ujauzito huzuia mambo hayo, na si haki kumtisha mama wala kumpa ahadi kwa msingi huo. Lililo wazi ni kwamba kusafisha fizi na kutoa ukoga uliogandamana kwenye meno ni salama katika ujauzito, na kwamba humwepusha mama na maumivu na kulegea kwa meno.

Wakati wa kwenda

Anayepanga kushika mimba afanyiwe uchunguzi kabla. Ambaye tayari ni mjamzito, na hajaonana na daktari wa meno kwa zaidi ya miezi sita, aende mara tu ajuapo hali yake, hata kama haumwi popote. Kazi isiyo ya haraka, kama vile kuziba tundu dogo, hupangwa kwa kawaida kati ya wiki ya 14 na wiki ya 20, kwa sababu wakati huo kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa kubwa kiasi cha kumsumbua mama anapolazwa kwenye kiti. Mpango huo ni wa kumpa mama nafuu tu, wala haumaanishi kwamba nje ya wiki hizo ni haramu kutibiwa. Jino linalouma, fizi yenye usaha na uvimbe wa shavu hutibiwa siku hiyohiyo au wiki hiyohiyo, iwe mimba ina wiki sita au thelathini na sita.

Kupanga miadi na kumweleza daktari

Unapoomba miadi, sema tangu mwanzo kwamba u mjamzito na una wiki ngapi, na kama huna hakika kama umeshika mimba, sema hivyo pia. Chagua saa ambazo kichefuchefu chako huwa kimetulia, na ule kidogo kabla ya kutoka, kwani njaa pamoja na wasiwasi huweza kukuletea kizunguzungu. Chukua kadi yako ya kliniki ya wajawazito pamoja na dawa zote unazotumia, zikiwemo vidonge vya kuongeza damu na vitamini. Mweleze daktari iwapo una shinikizo la juu la damu, kisukari cha mimba, historia ya kuharibikiwa na mimba, au mzio wa dawa yoyote. Iwapo daktari wa uzazi amekuandikia aspirini ya dozi ndogo ili kuzuia kifafa cha mimba, au sindano za kuzuia damu kuganda, mwarifu daktari wa meno, lakini usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe kwa sababu tu unakwenda kung'olewa jino.

Hutokea mjamzito akafika, akaeleza shida yake, akaambiwa arudi baada ya kujifungua. Likikupata, usiondoke kimya. Uliza kwa upole ni sehemu ipi ya matibabu inayohofiwa: je, ni eksirei, ni ganzi, ni dawa, au ni hali ya mimba yako? Jibu litakuonyesha pa kwenda. Kama hofu ni ya mimba, omba daktari wa meno aandike swali lake, ulipeleke kliniki, na mkunga au daktari wa uzazi akuandikie barua fupi inayotaja umri wa mimba, matatizo yaliyopo kama yapo, na kwamba hakuna kizuizi cha kupewa ganzi, eksirei na dawa zinazofaa wajawazito. Barua ya mistari mitano kama hiyo hufungua milango mingi. Kama bado unakataliwa, tafuta hospitali yenye idara ya meno na idara ya uzazi mahali pamoja, ambapo wataalamu wa pande mbili wanaweza kushauriana papo hapo. Ni vema kwenda na mtu wa kukusindikiza, kwa sababu ni vigumu kujitetea huku taya linakuuma.

Ukiwa kwenye kiti

Kuanzia nusu ya pili ya ujauzito, mama akilala chali kwa muda, tumbo la uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, shinikizo la damu likashuka, naye akatokwa na jasho, akahisi kuzirai. Omba kiti kisilazwe kabisa, na mto mdogo au taulo iliyokunjwa iwekwe chini ya nyonga ya kulia ili mwili uelekee kushoto. Ukianza kuhisi vibaya, inua mkono na ugeukie kushoto mara moja. Kazi ndefu ni heri igawanywe katika ziara mbili fupi.

Eksirei ya jino huelekezwa kwenye eneo dogo la taya, na mionzi inayomfikia mtoto ni kidogo mno. Kliniki nyingi humfunika mama kwa aproni ya risasi, yaani vazi zito lenye madini ya risasi yanayozuia mionzi, ingawa mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilishauri kwamba aproni hiyo haihitajiki tena kwa mgonjwa yeyote, kwa kuwa mitambo ya sasa huelekeza mionzi kwa usahihi. Ukipenda kufunikwa, omba. Picha zisizo na haja, kama zile za ukaguzi wa kawaida kwa mtu asiye na dalili, zinaweza kungoja.

Usikubali kung'olewa jino bila ganzi kwa madai kwamba sindano itamdhuru mtoto. Lidokeini, hata ile iliyochanganywa na adrenalini kwa kipimo sahihi, imetumiwa kwa wajawazito kwa miaka mingi, na maumivu makali bila ganzi huutesa mwili wa mama kuliko sindano yenyewe. Ganzi iliyochanganywa na felipresini, dawa nyingine ya kubana mishipa ya damu, ndiyo ambayo kwa kawaida huepukwa.

Kwa kuziba, omba dawa isiyo na zebaki. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishauri mwaka 2020 kwamba wajawazito na wanaonyonyesha waepuke amalgamu, ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya fedha. Jino lililozibwa zamani kwa amalgamu na halina tatizo liache lilivyo, kwani ni wakati wa kulichimbua ndipo mvuke wa zebaki unapotoka. Kung'arisha meno na mambo mengine ya urembo yaahirishwe.

Dawa za kukubali na za kukataa

Kwa maumivu, dawa ya kwanza ni parasetamo, kwa kiasi kidogo kinachotosha na kwa siku chache, bila kuzidi vidonge vinane vya miligramu 500 katika saa 24. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu wengi huzikimbilia jino linapouma, zisitumiwe bila idhini ya daktari, na kuanzia wiki ya 20 ziepukwe, kwa kuwa zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Zikitumiwa mwishoni mwa ujauzito, zinaweza pia kufunga mapema mshipa muhimu karibu na moyo wake. Kidonge cha aspirini kisiwekwe juu ya fizi kwa hali yoyote, kwani huichoma.

Penye usaha, daktari anaweza kukuandikia amoksilini au, pale inapohitajika, metronidazo au klindamaisini. Tetrasaiklini na doksisaiklini zikatae, kwa sababu huingia katika meno ya mtoto yanayojengeka tumboni na kuyaachia rangi ya manjano au kahawia isiyofutika. Ikumbukwe kwamba dawa ya kuua bakteria hutuliza tu jino lenye usaha. Chanzo kikiachwa bila kutibiwa mzizi au kung'olewa, ugonjwa hurudi, na mama hujikuta akinywa dozi ya pili na ya tatu bila sababu.

Ukiwa unatapika

Matapishi huja na tindikali ya tumboni inayolainisha tabaka la nje la jino. Ukipiga mswaki papo hapo, unalisugua tabaka hilo likiwa laini. Sukutua kwanza kwa kijiko kimoja cha chai cha bikabonati ya soda, ule unga mweupe unaotiwa kwenye keki, kilichokorogwa katika kikombe cha maji, kisha uteme na kungoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Usiukosee unga huo na magadi ya kufulia. Ukiukosa, maji matupu yanafaa. Kama mswaki wenyewe ndio unaokuchefua, tumia wa mtoto wenye kichwa kidogo, uinamishe kichwa mbele, na uchague dawa ya meno isiyo na harufu kali.

Dalili zisizongoja miadi

Uvimbe wa uso unaoelekea jichoni au shingoni, homa pamoja na maumivu ya jino, kushindwa kufungua kinywa, kushindwa kumeza mate, au kupumua kwa shida, vyote hivi ni vya kwenda hospitali wakati huohuo, usiku au mchana. Waeleze wanaokupokea kwamba u mjamzito, na ikiwa mtoto anacheza kidogo kuliko kawaida yake, liseme hilo pia.

Baada ya kujifungua

Kazi zilizoahirishwa zirudiwe, na fizi zinazoendelea kutoka damu miezi mitatu baada ya kujifungua zikaguliwe, kwa sababu hapo homoni si kisingizio tena. Ganzi ya lidokeini haizuii kunyonyesha, na ibuprofeni, iliyokuwa imekatazwa, sasa huruhusiwa kwa mama anayenyonyesha. Tundu lisilozibwa kinywani mwa mama huhifadhi bakteria wanaooza meno, nao humfikia mtoto kwa mate, kama vile mama anapoonja chakula kwa kijiko kilekile anachomlishia. Jino la kwanza la mtoto likichomoza, ambalo kwa wengi huonekana yapata mwezi wa sita, anza kulisafisha kwa mswaki mdogo na dawa ya meno ya floraidi isiyozidi ukubwa wa punje ya mchele, na umpeleke kwa daktari wa meno kabla hajatimiza mwaka mmoja.