Jinsi ya kurekodi maisha ya bibi aliyefikisha miaka mia kijijini

Kama una bibi au babu kijijini ambaye watu wanasema kafikisha miaka mia, usisubiri Krismasi, nenda sasa hivi wakati bado anakumbuka. Ukifika toa shikamoo, kaa, pigeni stori za kawaida kwanza, mweleze unachotaka na akikubali ndo utoe simu. Asubuhi ni bora maana jioni wazee wengi wanakuwa wamechoka. Na mwache aongee kilugha chake hata kama wewe unaokoteza, wa kutafsiri mtampata baadae.

Kwenye umri usiulize mwaka, cheti hana, uliza matukio. Aliyezaliwa 1925, vita ya Hitler inaisha 1945 ana miaka 20, Uhuru wa Tanganyika 1961 ana 36, Operesheni Vijiji ya 1973 mpaka 1976, ile serikali ilipohamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, anakaribia au kashafika 50. Kwahiyo muulize, "Bibi, Uhuru ulikukuta na watoto wangapi?" Akisema alikuwa bado mwali basi mia haijafika, usilazimishe. Akisimulia Wajerumani na Waingereza walivyopigana 1914 hadi 1918, muulize aliona mwenyewe au alihadithiwa na mama yake, vyote rekodi ila usivichanganye.

Hapo kwenye Operesheni Vijiji kaa sana. Wengi walihamishwa wakaacha mashamba, miembe na makaburi ya wazazi wao, na hayo makaburi ndo yanaumiza mpaka leo, so muulize kwao kwa zamani ni wapi, na kama kuna mtu anapajua nendeni mkapige picha kabla hapajalimwa pote. Uliza na njaa ya 1974, kodi ya kichwa walikuwa wanaitoa wapi, senti za tundu zilinunua nini, nani alienda manamba, yaani kibarua cha mkataba, kwenye mashamba ya mkonge na je alirudi.

Kwa bibi usiruke uzazi, alijifungulia wapi, nani alimzalisha, wangapi aliwazika. Hapa nenda polepole, akinyamaza na wewe nyamaza. Mimi naona hii ndo sehemu ya muhimu kuliko zote kwasababu viongozi wana watu wa kuwaandika, yeye ana nyie tu.

Ukimaliza taja kwa sauti tarehe, kijiji na waliokuwepo, tuma kopi kwa ndugu hata watatu, kesho yake msikilizishe mwenyewe, atakurekebisha majina na ataongeza mengine kibao.