Kununua GPS ya mkononi ya boti: angalia haya kabla hujatoa hela

Juzi nimemsaidia nahodha mmoja wa Nungwi, Unguja, anavua mshipi, kuchagua GPS (mashine inayokuonyesha ulipo kwa setelaiti) na kuiseti. Maswali yake ndo yale yale naulizwa na wengi, kwa hiyo naandika hapa.

1. Kwanza, simu inakutosha?
Simu inashika setelaiti hata bila bando, ilimradi ramani umeshaidaunlodi. Kama unavuka mchana na nchi kavu unaiona, inatosha. Ila ukilala baharini simu haifai, jua la saa sita linaizima kwa joto, kidole kikiwa na maji ya chumvi skrini haisikii.

2. Chukua ya vitufe, inayotumia betri za AA
Hapa sibadiliki. Vitufe unabonyeza hata mkono ukiwa na damu ya samaki, na AA, zile za saa ya ukutani, duka lolote kijijini zipo. Garmin eTrex 22x inamtosha mvuvi, ila haielei, ifunge kamba. Inayoelea ni kama GPSMAP 79s. Ukiona imeandikwa IPX7, maana yake inahimili maji ya mita 1 kwa dakika 30. Zile za bei kubwa zinazopokea mawimbi ya setelaiti ya aina mbili (dual-band) achana nazo, zinasaidia msituni na kwenye maghorofa, baharini anga liko wazi.

3. Uliza kama ina dira ndani
eTrex 22x haina, 32x inayo. Isiyo nayo inajua upande pale tu chombo kinapotembea, ukizima injini mshale unazunguka hovyo, usiseme mbovu. Dira yako ya sumaku ibaki botini vyovyote vile.

4. Iseti kabla hujaingiza pointi hata moja
Pointi ni namba za mahali unazohifadhi kwenye mashine. Hapa ndo watu wanapoteza miamba yao ya kuvulia, soma taratibu.

Namba za pointi zinaandikwa kwa mifumo mitatu: digrii zenye desimali, digrii na dakika zenye desimali, au digrii, dakika na sekunde. Tuseme mwenzako kakupa mwamba uko 06°10.500' Kusini. Hiyo ni dakika kumi na nusu, yaani dakika 10 na sekunde 30. Wewe mashine yako iko kwenye sekunde, ukaandika 10 na 50, umekosea sekunde 20, kama mita 600 hivi. Utatupa nanga kwenye mchanga mtupu na utasema mwenzako kakudanganya. Nenda Setup, halafu Position Format, chagua hddd°mm.mmm', na wenzako wote wa diko (pale boti zinapofikia) watumie hiyo hiyo.

Hapo hapo kuna Map Datum (datamu), yaani msingi ambao namba za ramani zinahesabiwa kutokea, iwe WGS 84, ndo ya GPS yenyewe. Ramani nyingi za zamani za nchi kavu Tanzania na Kenya zilichorwa kwa datamu nyingine, Arc 1960, na tofauti yake ni karibu mita 300, hasa kaskazini-kusini. Ukitoa namba kwenye ramani kama hiyo badilisha datamu kwanza, ingiza pointi, halafu rudisha WGS 84. Pointi ikishahifadhiwa sawasawa mashine inaigeuza yenyewe, haiharibiki, kinachoharibu ni kuiingiza mfumo ukiwa siyo.

Na hakikisha ni S siyo N! Ukiacha N, namba za Unguja zinakupeleka Ethiopia.

Kuhakiki: simama na mwenzako sehemu moja diko, kila mtu asome mashine yake. Tarakimu mbili za mwisho zikipishana kidogo sawa, zikipishana sana mmoja kaseti vibaya.

5. Kama ni mtumba
Iwashe nje, subiri ishike, angalia tarehe. Hesabu ya wiki ambayo GPS inatumia kujua tarehe ilianza upya Aprili 2019, na baadhi ya mashine za zamani zinaonyesha mwaka wa uongo. Mahali kwa kawaida zinasoma sawa.

6. Njia ya kurudi
Ukiiambia ikupeleke kwenye pointi (GO TO, au Go) inakuchorea mstari mnyoofu, haijui kipwa (penye maji mafupi) wala mwamba. Kwa hiyo weka pointi nje ya mlango (upenyo wa kupita kwenye mwamba) na nyingine ndani, zichukue mchana maji yakiwa yamekupwa na mwamba unauona kwa macho, halafu ziunge ziwe njia moja. Zote ziandike na kwenye daftari, pembeni andika mfumo na datamu.