Somo: Jinsi ya kujadili bei ya gari yadi, hatua kwa hatua

Watu wengi wakiingia yadi swali lao la kwanza ni "Bei ya mwisho shilingi ngapi?" Muuzaji analisubiri swali hilo tangu asubuhi. Bei iliyobandikwa kwenye kioo imeachiwa nafasi ya kushuka, na hiyo "ya mwisho" aliishaipanga kabla hujafika. Anakushushia milioni moja, unafurahi, unalipa. Hapo hamjajadili bado. Umefika tu pale alipotaka ufike.

Somo hili ni la anayenunua gari lililotoka Japani, halijapata namba au limesajiliwa juzijuzi, kwenye yadi za Dar es Salaam. Kwa wengi wetu hilo ndilo gari jipya. Ninachosisitiza ni kimoja: ijenge bei kutoka chini kwenda juu, kabla hujaonana na mtu yeyote. Anayejua gari limemgharimu muuzaji kiasi gani hahitaji maneno mengi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ukiwa nyumbani

Usitafute "Toyota IST" tu. Tafuta IST ya mwaka fulani, ya cc 1300 au 1500. Ingia kwenye tovuti za wauzaji wa Japani uangalie bei ya CIF hadi Dar es Salaam, yaani bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Angalia magari kadhaa yanayofanana, uchukue ya katikati.

Kisha fungua kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) cha magari yaliyotumika. Kodi hukokotolewa kwa thamani iliyomo kwenye mfumo wao, kwa hiyo usishangae ikitofautiana na uliyoiona kwa muuzaji wa Japani. Muundo wake ni huu: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, asilimia 5 kwa cc 1001 hadi 2000 na asilimia 10 ikizidi hapo, ushuru wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 likizidi miaka 10, halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla ya thamani ya gari na ushuru wote huo.

Tuchukue mfano. Thamani ya gari kwa TRA ni shilingi 10,000,000, injini cc 1500, umri zaidi ya miaka 10. Forodha ni 2,500,000. Ushuru wa bidhaa na uchakavu hukokotolewa juu ya thamani ukiongeza forodha, yaani 12,500,000. Ushuru wa bidhaa ni 625,000. Uchakavu ni 3,750,000. VAT inakuja 3,037,500. Jumla ni 9,912,500, na bado hujaweka tozo ndogondogo. Kodi imekaribia kulingana na gari lenyewe. Ongeza gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili. Hapo umepata gharama ya gari hadi linasimama yadi. Mwenye yadi anayenunua mengi kwa pamoja mnadani kule Japani huenda amelipata kwa nafuu zaidi, kwa hiyo hesabu yako haimdhulumu.

Kwenye huo ushuru wa uchakavu wengi wanaacha pesa. Gari hilohilo likikadiriwa likiwa na miaka 9, uchakavu ni asilimia 15, na ukiweka na VAT tofauti ni shilingi 2,212,500. Sasa fikiria gari lililolipiwa kodi likiwa na miaka 9, likakaa yadi hadi limevuka miaka 10. Muuzaji atakuuzia kwa bei ya soko la leo, lakini kodi alilipa ya zamani. Uliza kwa upole: "Hili lililipiwa kodi lini?" Nyaraka za forodha zina tarehe. Akikuonyesha, umejua nafasi aliyonayo ya kushuka.

Hatua ya 2: Zunguka bila pesa

Siku ya kwanza usibebe pesa wala usimwambie mtu unazo kiasi gani. Pita yadi kadhaa, andika bei za magari yanayofanana na lako, na kila mahali uulize bei imebeba nini. Kuna bei ya "na kodi zote", kuna ya "kodi zote na namba", na kuna inayokuacha wewe ukahangaike na usajili. Usilinganishe bei mbili kabla hujajua zimebeba vitu vilevile.

Chunguza pia gari limekaa muda gani. Betri lazima iboostiwe, tairi zimebonyea upande mmoja, vumbi limeganda kwenye mifereji ya milango: hilo limekaa. Pesa ya mwenye yadi imelala pale, na mara nyingi mzigo mwingine uko njiani. Gari lililoshuka juzi na linapigiwa simu kila saa halitashuka sana, hata ungekuwa na ulimi wa namna gani.

Hatua ya 3: Fundi wako, nyaraka zako

Fundi awe wako. Asiwe wa yadi wala wa kuletwa na dalali, na mkubaliane malipo yake kabla, ununue usinunue. Fundi anayelipwa pale tu gari likinunuliwa ana sababu ya kulisifia.

Omba karatasi ya mnada wa Japani, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari iliyotolewa mnadani. Gredi 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 ni la wastani, na ukiona R au RA ujue liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni paneli iliyobadilishwa. Kilomita za kwenye karatasi hiyo zilinganishe na za kwenye dashibodi. Cheti cha kufutiwa usajili kule Japani nacho huwa na kilomita za ukaguzi uliopita. Zikikataana, achana na gari hilo. Anayerudisha kilomita nyuma ana mengine hajakuambia.

Kila kasoro ya kawaida igeuzwe kuwa shilingi. "Shokapu za mbele zimekufa" ni lawama tu. "Shokapu mbili na ufundi, nimeulizia duka la spea ni kiasi hiki" ni hoja.

Hatua ya 4: Mazungumzo yenyewe

Ongea na mwenye uwezo wa kuamua. Salimia vizuri, kaa chini. Kisha taja bei yako wewe, yenye sababu zake (tarakimu hizi ni za gari jingine, si lile la mfano wa hatua ya 1):

"Kaka, gari nimelikagua na nimelipenda. Nikijumlisha CIF, kodi na bandari, nikatoa tairi nne na shokapu, ninafika milioni 18 na laki 3, na faida yako imo. Pesa ipo, leo naweza kuweka benki."

Halafu nyamaza. Usijieleze tena, usijipandishie mwenyewe. Ukimya huo ni mgumu, ndiyo maana watu wengi huongeza laki tano kabla hata hawajajibiwa. Taja pia kiasi chenye mkia, kama 18 na laki 3, kwa sababu kinaonyesha umekikokotoa. Akishuka, panda kidogo kuliko yeye anavyoshuka, na kila unapopanda uombe kitu.

Mkishindwa kuelewana, agana naye kwa heshima: "Namba yangu hii, niko sokoni hadi Jumamosi." Na uondoke kweli. Simu huwa inalia. Isipolia, ujue bei uliyotaja ilikuwa chini ya uwezo wake, na hilo nalo limekusaidia kurekebisha hesabu.

Hatua ya 5: Bei ikigoma

Omba tairi, betri, servis ya kwanza, au mchango kwenye bima kubwa. Vitu hivyo yeye anavipata kwa bei nafuu kuliko wewe, kwa hiyo huvitoa kwa urahisi kuliko pesa taslimu. Viandikwe kwenye mkataba.

Maswali ya wanachama

*Swali (Mwanza): Mkuu, dalali amenipeleka yadi. Nijadili mimi au yeye?*

Jadili wewe. Dalali hula pale biashara inapofungwa, na pengine pande zote mbili. Mkubaliane mapema nani anamlipa na kiasi gani, kisha umwombe akupishe wakati wa kutaja bei. Kazi yake ya kukuonyesha gari ni halali, mlipe.

*Swali (Dodoma): Mimi ni mwanamke. Nikienda yadi wanaongea na kaka yangu niliyeenda naye, mimi hawanitazami, na bei naona wananipandishia.*

Dada yangu, hilo lipo na linaudhi. Mwambie kaka yako mapema akiulizwa ajibu "mnunuzi ni huyu" na asiongeze neno. Wewe toa karatasi ya hesabu zako uiweke mezani. Muuzaji akiona tarakimu za kodi anabadilika. Asipobadilika, pesa yako isiishie kwake.

*Swali (Arusha): Yadi inanikopesha, nilipe nusu na nyingine kwa miezi. Inafaa?*

Jadili kwanza bei ya taslimu, mkubaliane, ndipo muongelee mkopo. Ukianza na "kwa mwezi nitalipa ngapi" hutajua tena bei ya gari. Jumlisha malipo yote hadi mwisho ulinganishe na mkopo wa benki. Na uulize kadi ya gari itakuwa na jina la nani hadi umalize.

*Swali (Mombasa): Hesabu hii inafaa huku kwetu?*

Njia ni ileile, ila tarakimu ni tofauti. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya) hukadiria kodi kutokana na bei ya rejareja ya gari likiwa jipya, kisha hupunguza kwa umri. Tumia kikokotoo cha huko, na ukinunua lililosajiliwa tayari, fanya upekuzi NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kabla ya kugusa pesa.

*Swali (Dar es Salaam): Nimeona gari lenye namba ya Zanzibar, bei ni chee. Nichukue?*

Likija kubaki Bara litadaiwa tofauti ya kodi. Pata kiasi hicho TRA kwanza, ukijumlishe, ndipo uone kama bado ni chee.

*Swali (Morogoro): Muuzaji anataka risiti iandikwe bei ya chini, ananipunguzia laki kadhaa.*

Kataa. Gari likiwa na mgogoro, utadai kilichoandikwa tu. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, si ya mtu binafsi. Chukua risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ya kiasi kamili. Mkataba muusaini mbele ya wakili, ukiwa na namba ya chesisi uliyoisoma mwenyewe kwenye gari. Kama lina namba tayari, angalia madeni ya trafiki kwenye mfumo wa polisi na uhalali wa bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, na madeni yote yalipwe na anayeuza kabla hujahamisha umiliki TRA.