Namna ya Kupunguza Upotevu wa Matunda na Mboga Baada ya Mavuno

Tunda lililochumwa bado lina uhai: linapumua, linapoteza maji na kula akiba yake ya sukari, na kasi ya kupumua huongezeka takriban mara 2 hadi 3 kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa hiyo mkulima mdogo asiye na chumba cha baridi aanze na joto ambalo mazao hutoka nalo shambani.

Vuna asubuhi mapema, umande ukishakauka, na uyapeleke mazao kivulini kila chombo kinapojaa, bila kusubiri shamba zima limalizike. Embe likatwe pamoja na kikonyo chake, kwa kuwa utomvu unaomwagika kikonyo kinapong'oka huunguza ganda. Nyanya za kusafirishwa mbali zichumwe zinapoanza tu kugeuka rangi.

Vyombo ndivyo vinavyoharibu mazao mengi bila mwenyewe kutambua. Katika gunia au tenga lenye kina kirefu, uzito wa yaliyo juu huyaponda yaliyo chini, na mchubuko usioonekana siku ya mavuno huwa mlango wa kuvu siku chache baadaye. Kreti ngumu za plastiki zenye matundu, zisizojazwa kupita ukingo, hubeba uzito wa kreti zilizo juu yake badala ya kuuachia mazao. Kama fedha ni kidogo, naamini zinunue kreti kwanza.

Ondoa yaliyooza na yaliyopasuka kabla ya kufungasha. Ndizi na maparachichi yanayoiva yasikae pamoja na mboga za majani, kwa sababu hutoa gesi ya ethilini inayozifanya mboga ziwe za njano. Vitunguu visioshwe, vikaushwe penye hewa hadi shingo zinyauke kabisa.

Kwa hifadhi ya siku chache, jenga kibanda chenye kuta mbili za matofali, moja ndani ya nyingine, zilizoachana kwa sentimita 7 hivi, ujaze mchanga katikati, uuloweshe asubuhi na jioni, kisha ufunike juu kwa mfuniko wa nyasi. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la ndani, na unyevu unaobaki huzuia mboga kunyauka. Kibanda hiki hufaa sana penye hewa kavu, lakini penye unyevunyevu mwingi hupoza kidogo mno, na vitunguu visiwekwe humo kamwe, kwani vitachipua na kuoza.