Somo: Kutoka fomu ya daktari hadi ripoti ya picha, hatua kwa hatua

Habari zenu wakuu. Mtu akitoka chumba cha eksirei na ile bahasha kubwa mkononi huona kipimo kimekwisha. Anainua filamu kwenye mwanga wa dirisha, jirani wa kwenye benchi anachungulia, na kabla hajafika kwa daktari tayari ameshaambiwa mapafu yamechafuka. Mimi ni mtaalamu wa mionzi, yaani yule anayekupanga mbele ya mashine na kukuambia "vuta pumzi, shikilia". Picha ninayopiga ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ya daktari bingwa wa radiolojia, ambaye mara nyingi hutamwona hata sura. Huyo amesoma udaktari miaka 5, akafanya mafunzo ya vitendo mwaka 1, kisha akarudi darasani kusomea picha peke yake. Pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ni miaka 3 mingine. Kazi yake ni kujibu swali aliloulizwa na daktari wako. Swali likiwa bovu, usitegemee jibu zuri.

Hatua ya 1: Soma fomu kabla ya kwenda dirisha la malipo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panapoharibikia. Angalia jina, umri, kiungo kinachopigwa picha, na upande: kulia au kushoto. Kisha angalia sehemu ya maelezo ya mgonjwa. Fomu moja imeandikwa "maumivu ya tumbo", basi. Nyingine imeandikwa "maumivu chini kulia, siku 3, homa, anatapika, je ni kidole tumbo?" Ya pili inamwambia bingwa pa kuanzia, na hata mimi inanionyesha sehemu ya kukazia. Ya kwanza itakurudishia ripoti ndefu ya ini, figo na bandama, yote mazima, na wewe bado umejikunja.

Kama uliwahi kufanyiwa upasuaji, kuugua TB au kutibiwa saratani, mwombe daktari aandike. "Daktari, naomba uongeze na ile operesheni ya mwaka juzi." Hujamvunjia heshima. Foleni ya wagonjwa 60 humsahaulisha mtu yeyote.

Hatua ya 2: Jua unakwenda kipimo gani

Eksirei ni ya mifupa na kifua. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi kabisa, na ni nzuri kwa ini, figo, kizazi, tezi ya shingo na ujauzito. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate angalau moja kabla ya wiki ya 24. Siti skani ni eksirei inayokuzunguka huku kompyuta ikikata mwili vipande vyembamba. Mtu aliyeanguka bodaboda akapigiza kichwa, siti humwonyesha damu kwenye ubongo ndani ya dakika chache. MRI hutumia sumaku kubwa badala ya mionzi, ina kelele, huchukua nusu saa au zaidi, na ndiyo yenyewe kwa uti wa mgongo na ndani ya goti.

Msidhani kipimo cha bei ya juu ndicho bora kwa kila kitu. Mawe ya mfuko wa nyongo huonekana vizuri kwa altrasaundi kuliko siti, na altrasaundi ni bei ya chini mno ukilinganisha.

Hatua ya 3: Maandalizi

Altrasaundi ya tumbo: usile kwa muda wa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo. Chakula huukamua mfuko wa nyongo ukasinyaa, na gesi huziba njia. Altrasaundi ya nyonga: kunywa maji, usikojoe mpaka uitwe. Najua inavyouma ukiwa wa kumi kwenye foleni, lakini kibofu kilichojaa husukuma utumbo pembeni, tukaona kizazi. Kipimo cha mirija ya uzazi hufanyika baada ya hedhi kukauka, kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 10 tangu ilipoanza, ili tuwe na hakika hakuna mimba.

Siti ya kuchomwa dawa kwenye mshipa: hiyo dawa ina madini joto (ayodini) na hutolewa na figo. Ndiyo maana unaweza kuambiwa upime kwanza kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Taja pumu, mzio wowote, na hasa kama uliwahi kupata shida ukichomwa dawa hiyo. Ikiingia utahisi joto linashuka mpaka chini, na wengine huapa wamejikojolea. Hujajikojolea.

Wenye bima, ulizeni mapema kama siti au MRI inahitaji kibali. Kugundua hilo ukiwa dirishani saa nane mchana ni siku nzima imepotea.

Hatua ya 4: Chumbani

Vua ninachokuambia uvue, hata kama huoni sababu. Dada aliyesuka nywele ndefu, akaziacha zianguke mabegani, kwenye eksirei ya kifua zinatoa kivuli juu ya pafu. Sehemu hiyohiyo ya juu ndiyo TB hupenda kukaa. Kwa hiyo nikikuambia uzifunge utosini, sikusumbui. Shanga za kiunoni na hirizi zenye bati nazo hutokea kwenye picha ya nyonga, nyeupe kabisa, wakati mwingine palepale tunapotafuta mpasuko au jiwe. Toa, weka kwenye mkoba wako, utavaa ukitoka. Hakuna atakayekuuliza zimetoka wapi.

Kwa mwanamke: kama kuna uwezekano wa mimba, sema kabla sijabonyeza kitufe.

Hatua ya 5: Subiri ripoti

Bingwa hukaa chumba chenye giza, mbele ya skrini kubwa, akilinganisha picha ya leo na za zamani kama umekuja nazo. Hospitali isiyo na bingwa huweza kutuma picha kwa mtandao, zikasomwa mji mwingine. Dharura husomwa kwanza, ndiyo maana aliyekuja nyuma yako anaweza kuondoka na majibu kabla yako.

Ripoti ina sehemu mbili za kujua: maelezo ya kila kilichoonekana, na mwishoni hitimisho. Hitimisho ndilo jibu. Zaidi ya hapo, mabingwa wengine hufanya tiba kabisa: kutoa usaha kwenye ini kwa sindano huku wakiongozwa na altrasaundi, kuweka mrija kwenye figo iliyoziba, kuchukua kinyama cha kupima bila kupasua. Muhimbili wanaiita tiba radiolojia.

Hatua ya 6: Tunza

Filamu isikunjwe, isikae juani. Ukipewa sidii, omba nakala na ripoti ya karatasi. Picha ya miaka miwili iliyopita inaweza kukuondolea kipimo kipya, kwa sababu doa ambalo halijakua miaka yote hiyo lina maana tofauti na doa lililotokea mwezi jana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili: Nilipigwa eksirei ya kifua, wiki mbili baadaye nikajua nina mimba. Nifanye nini?

*Jibu:* Usitoe mimba kwa hofu hiyo, dada yangu. Eksirei ya kifua haielekezwi tumboni, na kinachomfikia mtoto ni kidogo mno. Mwambie mkunga kliniki, aandike kwenye kadi, uendelee. Ingekuwa siti ya tumbo tungekaa na daktari kupiga hesabu.

Kijana wa Tandale: Mionzi inajikusanya mwilini? Nimepigwa kifua mara nne.

*Jibu:* Mionzi haibaki mwilini. Mashine ikizima, imekwisha. Tunachohesabu ni uwezekano wa madhara, na kwa kifua ni mdogo sana. Eksirei moja ya kifua ni kama milisiveti (kizio cha kupimia mionzi) 0.1 au pungufu. Ardhi, hewa na anga hutupa wastani wa 2.4 kwa mwaka bila kwenda hospitali. Siti ya tumbo ndiyo inaweza kukaribia 10, hivyo isirudiwe ovyo. Mashine hizi hukaguliwa na kupewa leseni na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Una haki ya kuuliza.

Fundi Geti: Nachomelea vyuma miaka mingi, nimeandikiwa MRI ya kichwa. Kuna shida?

*Jibu:* Swali bora la leo. Cheche ya chuma inaweza kuwa imejificha jichoni bila wewe kujua, na sumaku ikaivuta. Waambie kazi yako kabla ya kuingia. Utapigwa eksirei ya macho kwanza. Wenye betri ya moyo nao waseme. Vyuma vya mguu vilivyowekwa na daktari wa mifupa mara nyingi havina tatizo, ila vitajwe.

Shangazi wa Moshi: Aliyenipima altrasaundi alikaa kimya, uso umekunjamana. Ana kitu alinificha?

*Jibu:* Shikamoo shangazi. Uso wake usikutishe, skrini ile inataka umakini. Wengine hawaruhusiwi kutoa majibu mdomoni, wakikosea utapata presha bure. Kama aliyepima ni bingwa mwenyewe, muulize pale pale.

Dereva wa Masafa: Mgongo unauma wiki moja, nataka nijilipie MRI kabisa nijue moja.

*Jibu:* Subiri, kaka. Wenye maumivu mapya ya mgongo yasiyo na dalili za hatari wengi hupona ndani ya wiki 6, na MRI ya mtu mzima asiyeumwa chochote huweza kuonyesha pingili zilizochakaa. Utalipa pesa nyingi uanze kuogopa kitu ambacho hakikuumizi. Lakini ukiona mguu unaishiwa nguvu, ganzi sehemu unayokalia, au mkojo umegoma au hauzuiliki, paki gari nenda hospitali usiku huohuo.