Kifuniko cha sufuria ndani ya Hydrogen: kuingiza sauti zako mwenyewe kwenye mashine ya ngoma

Biti nyingi ninazoletewa hapa Umoja zina kiki ileile (ngoma nzito ya chini) na snea ileile (ngoma kavu ya mlio mkali), kwa sababu kila kijana amepakua pakiti ileile ya bure. Sina ugomvi na pakiti hizo. Ila Nairobi ina makelele ya kujaza kompyuta nzima, na hayauzwi. Nitaeleza ninavyoyatoa kwenye simu mpaka yawe seti ya ngoma ndani ya Hydrogen, programu ya bure ya mashine ya ngoma inayofanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. Kama unatumia programu nyingine, vitufe vitakuwa na majina mengine, lakini kazi haibadiliki sana.

Mwaka 1980 Roger Linn alipotoa LM-1, mashine ya kwanza ya ngoma kuuzwa ikiwa na sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa kidijitali, sauti zenyewe zilikuwa zimewekwa kwenye chipu. Ulipiga ulichopewa. Leo laptopu ya mitumba inakubali sauti yoyote utakayoipa, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Tuanze na kurekodi. Mimi napenda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, lakini nenda asubuhi kabla nyundo zote hazijaanza, la sivyo utarudi nyumbani na kelele moja ndefu isiyokatika. Omba ruhusa kwanza. Nilimwambia fundi mmoja, "Mzee, naomba unigongee hicho kifuniko polepole, halafu wastani, halafu kwa nguvu." Akaniuliza, "Na kununua unanunua, mama?" Nikanunua. Kifuniko hicho ndicho haihati yangu (sauti ya toazi inayoshika mwendo) mpaka leo, na wali pia kinafunika. Ubavu wa matatu iliyoegeshwa, pale makanga anapopiga kuashiria safari, una sauti nzito inayofaa kuwa tomu, ngoma ya mlio wa kati. Ukimjua mcheza nyatiti, kinubi cha Waluo, mwombe akurekodie ile pete ya chuma ya kidole cha mguu ikigonga mbao peke yake, bila nyuzi. Ni snea kavu ajabu. Mlipe, na mkubaliane waziwazi itatumika wapi, maana Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua pia anayepiga, si mtunzi tu.

Kwenye simu, tafuta programu ya kurekodi inayohifadhi WAV (faili la sauti lisilobanwa), 44.1 au 48 kHz, yaani sampuli elfu 44.1 au 48 kwa sekunde. Zima kila kitu kinachojidai kupunguza kelele au kusawazisha sauti. Vitu hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na mkia wa pigo huuona kuwa uchafu wa kufutwa. Usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp kuhamisha rekodi. Tuma faili kama dokumenti au tumia kebo. Epuka MP3 pia, kwa sababu huongeza kimya kidogo mwanzoni mwa faili, na ngoma inayoanza na kimya ni ngoma inayochelewa. Nafasi si tatizo: sekunde moja ya sauti ya mono (njia moja) ya biti 16 kwa 44.1 kHz ni baiti 88,200 tu.

Sasa kukata, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka ya kufikia kitufe cha kuingiza. Fungua rekodi yote kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Vuta picha ya wimbi karibu kabisa, mpaka uone mstari uliolala na mahali unaporuka ghafla. Kata hapo, kabla tu ya kuruka. Mwendo ukiwa mapigo 100 kwa dakika, kati ya noti moja ya kumi na sita (robo ya pigo) na inayofuata kuna milisekunde 150. Ukiacha kimya cha milisekunde 20 mbele ya kiki, mguu wote wa wimbo utaburuta, na utalaumu mpiga besi bure. Bonyeza Z baada ya kuchagua ili kingo za uteuzi zisogee mahali wimbi linapovuka sifuri. Bila hivyo utasikia "tik" ndogo kila pigo. Mwisho wa sauti uache ufe wenyewe, kisha weka mfifio mfupi. Usikate mkia wa kifuniko kwa sababu tu unaonekana mrefu kwenye skrini.

Vifuniko na kayamba huwa vinabeba mngurumo wa barabara chini yake. Chuja kila kilicho chini ya hezi 200 hivi, hutapoteza kitu. Kiki usiiguse kwa kichujio hicho, maana utaondoa kiki yenyewe. Geuza kila kitu kuwa mono, kisha weka alama kwenye kila pigo kwa Ctrl+B na uipe jina: kifuniko_1, kifuniko_2, kifuniko_3, kutoka pigo dogo kwenda kubwa. Audacity itatoa faili zote kwa mkupuo mmoja kwa kufuata alama hizo. Majina haya si urembo. Ukiwa na faili arobaini zinazoitwa "Recording", seti yako haitaisha kamwe.

Ndani ya Hydrogen, tengeneza seti mpya, halafu ongeza ala moja kwa kila aina ya sauti. Fuata mpangilio wa seti nyingine: kiki juu kabisa, kisha snea, haihati na nyinginezo. Ala ya kwanza kwa kawaida hupokea noti namba 36 ya MIDI (lugha ambayo vyombo vya muziki huzungumza na kompyuta), ambayo pia ni kiki kwenye General MIDI, mpangilio wa namba unaofuatwa na vyombo vingi, kwa hiyo kibodi yako ndogo yenye pedi itaelewana nayo bila mabishano. Mpangilio huo pia utakuwezesha kubadilisha seti katikati ya wimbo bila kiki kugeuka toazi.

Chagua ala, nenda kwenye kihariri chake, fungua sehemu ya "Layers", na upakie faili. Hapo ndipo yale mapigo matatu ya mzee wa Kamukunji yanapokuwa na maana. Kila faili linakuwa tabaka, na kila tabaka lina eneo lake la nguvu ya pigo. Kokota mipaka kwa kipanya: pigo dogo lishike chini, la wastani katikati, kubwa juu. Pigo la nguvu si pigo dogo lililoongezwa sauti. Chuma kikipigwa kwa nguvu hutoa ukali ambao pigo la polepole halina kabisa, na sikio hutambua mara moja ukidanganya. Isukuti, ngoma za Waluhya, ndiyo iliyonifundisha hili kabla sijagusa kompyuta. Huja tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina mlio tofauti kwa kiganja na kwa vidole. Ukiiingiza kwa faili moja kwa kila ngoma, unapata picha ya isukuti.

Kuna jambo moja la kuamua kuhusu sauti ya matabaka. Hydrogen yenyewe hupunguza sauti pigo linapokuwa dogo. Kama umeyaacha mapigo yako na ukubwa wake wa asili, dogo likiwa dogo na kubwa likiwa kubwa, programu italipunguza lile dogo mara ya pili na litapotea. Ama sawazisha mafaili yote yafikie kilele kimoja, desibeli 1 chini ya ukomo, ama ondoa alama kwenye "Apply velocity" ya ala hiyo. Mimi husawazisha kwa vifuniko, na kwa isukuti huacha asili.

Kama una mapigo kadhaa ya nguvu ileile, yape matabaka yake eneo moja na uchague yapokezane kwa zamu au kwa bahati. Bila hivyo, noti za haraka za snea hutoa mlio wa cherehani.

Kifuniko kinachovuma na kifuniko kilichoshikwa na mkono ni ala mbili, lakini haviwezi kulia pamoja katika maisha ya kweli. Viweke kwenye "Mute group" moja. Kilichoshikwa kikilia, kinachovuma kinanyamaza papo hapo. Kayamba ninaifanya hivyohivyo: mtikiso mrefu na ule wa kukata ghafla.

Hifadhi seti kabla ya kutunga chochote. Kuhifadhi hukusanya sauti kwenye folda ya seti. Ukiendelea na mafaili yaliyotawanyika kwenye "Downloads", siku utakaposafisha folda hiyo wimbo utafunguka ukiwa bubu. Ukitaka kumpa mwenzako, toa seti nzima kama faili la .h2drumkit, ambalo ni kumbukumbu iliyobanwa yenye sauti zote pamoja na maelezo ya mipaka na makundi. Yeye ataliingiza kwake kupitia menyu ya seti. Wimbo, yaani faili la .h2song, umtumie kando, kwa kuwa seti hubeba ngoma tu, haibebi mapigo uliyopanga.